Ugomvi wa Mashabiki wa Game of Thrones Haukuwa Juu ya Mwisho Wake

Tangu Januari 2026, kituo cha televisheni cha Marekani cha HBO kilipoanza kuonyesha A Knight of the Seven Kingdoms, imeenea kauli moja katika mazungumzo ya wapenzi wa tamthilia: kwamba mashabiki wa Game of Thrones hatimaye wameusamehe msimu wake wa mwisho, ule wa mwaka 2019 uliowakasirisha. Tamthilia hiyo mpya ni fupi. Msimu wake wa kwanza una sehemu sita tu, na unasimulia mkasa wa askari wa farasi asiye na bwana wala mali pamoja na mtoto anayemtumikia, miaka ipatayo 90 kabla ya matukio ya tamthilia mama. Imepokelewa kwa mikono miwili, na miongoni mwa wanaoisifu wamo watu walioapa mwaka 2019 kwamba Westeros, bara la kubuni la hadithi hizo, hawatakanyaga tena. Kutokana na hilo wapo waliohitimisha kwamba hasira ile ya mwaka 2019 ilikuwa povu la mitandaoni, kwamba muda umeituliza, na kwamba waliokuwa wakilalamika walikuwa watu waliozoea kubembelezwa na hadithi za mwisho mwema. Mimi naiona tafsiri hiyo kuwa potofu, na upotofu wake unaanzia mbali zaidi ya tamthilia hii mpya. Mashabiki hawakugawanyika kati ya wanaotaka mwisho mtamu na wanaovumilia mwisho mchungu. Waligawanyika kwa sababu kila upande ulikuwa ukipima kitu chake: wengine walipima mahali hadithi ilipofikia, wengine walipima njia iliyoifikisha hapo. Anayeisifu na anayeilaani wanaweza wote wawili kuwa na haki, kwa kuwa hawajibizani hata kidogo.

Kwa wasiokumbuka vizuri, Game of Thrones, kisa cha koo zinazogombea kiti cha enzi, ilianza kuonyeshwa tarehe 17 Aprili 2011 ikiwa imetungwa kutokana na riwaya za George R. R. Martin, ambazo ya kwanza ilitoka mwaka 1996 na ya tano mwaka huohuo wa 2011, miezi michache baada ya sehemu ya kwanza kurushwa. Riwaya ya sita haijatoka hadi leo. Waandaaji wakuu, David Benioff na D. B. Weiss, walilazimika kuendelea mbele ya kitabu wakiwa na muhtasari tu wa mambo makubwa waliyosimuliwa na Martin mwenyewe. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, wa saba ukawa na saba, na wa nane ukawa na sita. Jumla sehemu 73. Watazamaji wa usiku wa kwanza nchini Marekani walikuwa wapatao milioni 2.2, na usiku wa mwisho, tarehe 19 Mei 2019, walifika milioni 19.3 ukijumlisha marudio na wale waliotazama kwa intaneti. Miezi michache baadaye msimu huohuo wa mwisho ulitwaa tuzo 12 za Emmy, tuzo kuu za televisheni Marekani, ikiwemo ya tamthilia bora ya mwaka. Wakati huohuo, kwenye tovuti ya IMDb, ambako watazamaji wenyewe ndio wanaotoa alama, sehemu ya mwisho ilishuka hadi alama zipatazo 4 kati ya 10, ilhali sehemu kadhaa za misimu ya nyuma zilikuwa zikipata zaidi ya 9. Na kulikuwa na ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane utungwe upya, lililokuja kupata saini zaidi ya milioni moja na nusu.

Hebu tulitazame ombi hilo kwa makini, maana ndilo linalotajwa kila mara kama ushahidi kwamba mashabiki walikasirishwa na mwisho. Saini zake zilivuka milioni moja kabla sehemu ya mwisho haijaonyeshwa. Ni kweli baadhi ya matukio yalikuwa yamevuja, lakini wengi wa waliotia saini hawakuwa wamemwona Bran Stark akipewa ufalme, wala Jon Snow akimchoma kisu malkia wake, Daenerys, wala joka likiyeyusha Kiti cha Enzi cha Chuma kwa moto. Watu wanaokataa mwisho ambao hawajauona hawawezi kuwa wanaukataa mwisho. Walikuwa wakikataa jambo lililokwisha kutokea mbele ya macho yao katika sehemu tano zilizotangulia, na ukisikiliza malalamiko yao ya wakati ule, neno lililojirudia kuliko yote lilikuwa haraka. Hawakusema kwamba haya hayawezi kutokea. Walisema kwamba hawakuonyeshwa yalivyotokea.

Na hawa ni watazamaji waliofunzwa na tamthilia hiyohiyo kudai kuonyeshwa. Mwaka 2011, katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, Ned Stark alikatwa kichwa hadharani, naye ndiye aliyekuwa kwenye mabango ya matangazo na kila mtu akimdhania kuwa mhusika mkuu. Tarehe 2 Juni 2013 mwanawe Robb aliuawa pamoja na mama yake na mkewe mjamzito kwenye karamu ya harusi. Watu walilia, wengine walipiga kelele mbele ya televisheni zao, halafu wiki iliyofuata walirudi. Walirudi kwa sababu walipotafakari waliona kwamba kila kifo kilikuwa na deni lililokiita. Ned alimwonya Malkia Cersei mapema kwamba anaijua siri yake, akampa muda wa kukimbia, na Cersei akautumia muda huo kumwangamiza. Robb alivunja ahadi ya kuoa binti wa Walder Frey, akamuua mmoja wa mabwana wakubwa wa jeshi lake na kupoteza askari wake, kisha akarudi kuomba askari kwa Frey huyohuyo, mwenye karamu ile. Sisi tuliokulia kwenye kisa cha Fumo Liyongo tunaifahamu ridhaa ya namna hii. Hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba Liyongo hakustahili kufa, maana amesikia jinsi mfalme alivyomrubuni mwana kwa ahadi ya kuozwa binti, jinsi mwana alivyokwenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua, na jinsi baba, huku moyo wake ukishuku, alivyoitaja sindano ya shaba. Kifo hicho kinauma miaka yote kwa kuwa hatua zake zote zinahesabika.

Sasa tuwape nafasi wanaoutetea msimu wa mwisho, kwa sababu hoja yao kubwa ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Wanasema Daenerys Targaryen, malkia mwenye majoka na mkombozi wa watumwa ambaye mwishoni analiteketeza jiji la King's Landing, mji mkuu, hakubadilika ghafla. Sisi ndio tuliokataa kumwona. Katika msimu wa kwanza alitazama kaka yake akimwagiwa dhahabu ya moto kichwani bila uso wake kutikisika. Katika msimu wa pili, kwenye malango ya Qarth, alitishia kuteketeza miji. Katika msimu wa nne, baada ya kukuta watoto 163 wa kitumwa wamesulubiwa njiani kuelekea Meereen, aliamuru mabwana 163 wasulubiwe bila kuuliza nani alitenda na nani hakutenda. Baadaye akaja kijana Hizdahr zo Loraq kuomba ruhusa ya kumzika baba yake, mmoja wa wale waliosulubiwa, aliyekuwa amepinga kuuawa kwa watoto hao. Katika msimu wa saba alimchoma Randyll Tarly pamoja na mwanawe, mateka wawili waliokataa kupiga goti. Yote hayo tuliyashangilia kwa sababu waliokufa walikuwa watu tusiowapenda. Mtetezi wa mwisho huo anatuambia kwamba jiji la King's Landing lilipowaka moto, tulikuwa tukitazama matokeo ya makofi yetu wenyewe. Wazazi wengi walikuwa wamewapa binti zao jina la Khaleesi, cheo cha Daenerys, zaidi ya 500 Marekani pekee mwaka 2018, na Seneta Elizabeth Warren, akiwa mgombea urais, aliandika makala ya kumsifu Daenerys wiki chache tu kabla ya moto huo. Kama lengo lilikuwa kuonyesha jinsi umma unavyompenda mkombozi hadi ukashindwa kuona mtawala wa mabavu anayekua ndani yake, basi mimi sijaona tamthilia nyingine ya televisheni iliyolenga mbali namna hiyo.

Hoja hiyo naikubali, na naamini Martin mwenyewe, akimaliza vitabu vyake, atafika karibu na hapohapo. Lakini inajibu swali la mahali, na swali la njia inaliacha palepale. Mwishoni mwa msimu huohuo wa nne, mwanamume mmoja aliingia mbele ya kiti cha Daenerys akiwa amebeba kitambaa, akakifungua sakafuni, ndani mkiwa na mifupa iliyoungua ya binti yake wa miaka mitatu aliyechomwa na joka Drogon. Drogon alikuwa ametoweka. Daenerys akawapeleka majoka wawili waliobaki, anaowaita wanawe, hadi kwenye handaki chini ya piramidi, akawafunga minyororo shingoni kwa mikono yake, akatoka akilia huku jiwe likisukumwa kufunga mlango na wao wakimlilia gizani. Mtu aliyefanya hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja wa mchungaji ndiye huyohuyo ambaye misimu minne baadaye aliyateketeza mamia kwa maelfu ya watoto baada ya jiji kusalimu amri. Inawezekana. Binadamu huvunjika. Tunachodai ni kuonyeshwa mahali ufa ulipopita. Katika sehemu ya tano ya msimu wa nane kengele zinalia, askari wanatupa silaha chini, kamera inauangalia uso wa Emilia Clarke kwa muda mfupi akilitazama jumba la kifalme, pumzi zikimpanda, kisha joka linaruka. Kuanzia hapo kamera inabaki chini na Arya, binti wa Ned, na wakazi wanaokimbia, na uso wa Daenerys hatuuoni tena hadi sehemu hiyo inakwisha. Kama uamuzi wa kupiga picha, una nguvu: tunaona vita kwa macho ya wanaouawa. Kama usimulizi, unamfungia mtazamaji mlango katika dakika pekee aliyokuwa akiisubiri kwa miaka minane.

Mtetezi atajibu kwamba sababu zilikuwepo: rafiki yake Jorah amekufa, joka la pili limeuawa, msaidizi wake Missandei amekatwa kichwa, mshauri wake Varys amemsaliti, mpenzi wake Jon amemkataa. Ni kweli, na zinatosha kumvunja yeyote. Lakini zote zimerundikwa ndani ya sehemu tatu, na baadhi yake zimeingia kwa hila. Joka Rhaegal linapigwa mishale na meli za adui yake Euron zilizojificha nyuma ya mwamba, ilhali Daenerys yuko juu angani ambako bahari yote iko wazi mbele yake. Katika maelezo yaliyotolewa baada ya sehemu hiyo, mmoja wa waandaaji alisema kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo, na hali mapema katika sehemu hiyohiyo zilitajwa barazani mbele yake. Tukio linalohitaji mhusika asahau alichoambiwa nusu saa iliyopita halifuati kutokana na lililotangulia. Limewekwa pale kwa kuwa mahali pa kufikia palishaamuliwa na muda ulikuwa umekwisha.

Jambo la muda ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu halikuwa la lazima. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Malkia Cersei anamkumbusha mumewe kwamba wamekuwa safarini mwezi mzima kutoka mji mkuu hadi Winterfell, ngome ya kaskazini, na umbali huo ulikuwa na maana: habari zilichelewa, majeshi yalipishana njiani, mtu aliyefungwa kaskazini hakuweza kuokolewa na ndugu yake aliye kusini. Kufikia msimu wa saba, kundi la Jon limezingirwa juu ya barafu upande wa pili wa Ukuta mkubwa wa kaskazini. Kijana Gendry anakimbia kwa miguu hadi ngomeni, kunguru mwenye ujumbe anarushwa kuvuka karibu bara zima hadi kisiwa cha Dragonstone, na Daenerys anawasili na majoka yake kabla waliozingirwa hawajafa kwa baridi. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Alan Taylor, alikiri hadharani kwamba hesabu ya muda hapo ilikuwa imefanywa kuwa na ukungu kwa makusudi. Waandaaji hawakubanwa na kituo; HBO ilikuwa tayari kugharamia sehemu na misimu zaidi, wao ndio walioamua kwamba saa zipatazo 73 zinatosha. Umbali ulipofutwa, gharama ya kila uamuzi nayo ikafutwa, na tamthilia iliyojengwa juu ya gharama ikabaki na mandhari.

Ipo sababu nyingine ya watu kutofautiana, nayo huzungumzwa kidogo mno kuliko inavyostahili: namna walivyotazama. Kati ya mwisho wa msimu wa saba, Agosti 2017, na mwanzo wa msimu wa nane, Aprili 2019, ulipita mwaka mmoja na zaidi ya miezi saba. Waliokuwa wakifuata wiki kwa wiki waliujaza muda huo kwa kurudia sehemu za zamani, kuzichambua ndoto za Bran, kubishana kuhusu uzazi wa Jon na unabii wa mwana wa mfalme aliyeahidiwa. Walijenga ndani ya vichwa vyao sababu nyingi kuliko zile zilizokuja kutolewa. Huku Afrika Mashariki, sehemu mpya iliporushwa Marekani Jumapili saa tatu usiku, kwetu ilikuwa Jumatatu saa kumi alfajiri, na wapo walioamka saa hiyo ili wasisimuliwe kazini. Lakini wengi wetu hatukuitazama hivyo. Tuliipata kwenye maktaba za filamu, msimu mzima ukiwa umerushiwa kwenye flashi, ukatazamwa kwa siku mbili au tatu mfululizo, mara nyingine baada ya kila kitu kwisha. Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliimaliza misimu yote minane ndani ya mwezi, muda mrefu baada ya ugomvi kupoa, akaniuliza kwa mshangao wa kweli watu walikasirikia nini, maana yeye alimwogopa Daenerys tangu Meereen. Kwake, msalaba wa mabwana na moto wa King's Landing vilitenganishwa na wiki mbili. Kwa aliyeanza mwaka 2011 vilitenganishwa na miaka mitano. Mwendo wa hadithi ni uhusiano kati ya matukio na muda ambao msikilizaji amekaa nayo, na watu hawa wawili kwa hakika walisimuliwa hadithi zenye mwendo tofauti.

Hata mwanga haukuwa mmoja. Sehemu ya tatu ya msimu wa nane, vita vya Winterfell, ilipigwa picha kwa usiku 55, na wengi walioitazama hawakuona kitu zaidi ya giza. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, alitetea kazi yake na kueleza kwamba sehemu ya tatizo ni mipangilio ya televisheni za watu na ubora wa picha kushuka inapopita kwenye intaneti. Kwa mwenye skrini kubwa katika chumba chenye giza, huenda alikuwa sahihi. Kwa mwenye simu, au mwenye nakala iliyobanwa ili itoshe kwenye flashi, kifo cha shujaa kilikuwa kivuli juu ya kivuli. Hilo nalipitia haraka kwa kuwa ni la kiufundi, lakini linatosha kutukumbusha kwamba tunapojumlisha maoni ya watazamaji kuwa kundi moja tunajumlisha watu ambao hawakuona picha ileile.

Tofauti moja, hata hivyo, haikutokana na muda wala skrini. Missandei, mwanamke pekee mweusi aliyekuwa na nafasi kubwa katika tamthilia hiyo, aliyeigizwa na Nathalie Emmanuel, alikuwa mtumwa aliyekombolewa, mkalimani wa lugha nyingi na mshauri wa malkia. Aliuawa akiwa na minyororo mikononi, na kifo chake kikatumika kama ngazi ya kumpandisha Daenerys kwenye ghadhabu. Watazamaji wengi weusi, Marekani na kwingineko, walikipokea kwa uchungu ambao wengine hawakuuelewa, na wakakumbuka picha iliyofunga msimu wa tatu, ambamo malkia mwenye nywele nyeupe anabebwa juu na umati wa watumwa wenye ngozi ya kahawia wakimwita mama. Wapo waliowajibu kwamba kila mtu hufa Westeros. Jibu hilo halitoshi. Ned alikufa kwa uamuzi wake, Robb alikufa kwa uamuzi wake. Missandei alitekwa nje ya macho yetu, akaletwa ukutani, akasema neno moja la mwisho, akakatwa. Hakupewa kosa, hakupewa uamuzi, hakupewa hata tukio la kutekwa kwake. Malalamiko ya watazamaji hao yalikuwa yaleyale ya wengine wote, kwamba sababu haikuonyeshwa, isipokuwa wao waliona pia ni nani aliyeonekana kutostahili sababu.

Nimesema kila upande una haki katika kile unachopima, lakini sisemi kila hoja ni sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayodai mashabiki walitaka mwisho mwema. Watu waliovumilia harusi ya mwaka 2013 na kuifanya iwe sehemu inayosimuliwa kuliko nyingine hawawezi kuitwa waoga wa huzuni. Hoja ya pili dhaifu ni kwamba hakukuwa na kitabu cha kufuata. Mwaka 2016, msimu wa sita ulikuwa tayari umepita vitabu kwa sehemu kubwa, na sehemu zake mbili za mwisho, vita vya Jon na Ramsay Bolton na kisha kulipuliwa kwa hekalu kuu la mji mkuu, zinahesabiwa na mashabiki miongoni mwa bora za tamthilia nzima. Kilichopungua baadaye kilikuwa nafasi. Uwezo wa kubuni ulikuwepo. Wanaotaja watazamaji milioni 19.3 na tuzo 12 nao wanachanganya mambo: idadi hiyo inahesabu waliokuja kuona, haihesabu walioondoka wameridhika, na tuzo hutolewa na watu wa tasnia ambao walikuwa wakipima pia kazi ya mavazi, sauti, picha na uigizaji, mambo ambayo hata wakosoaji wakali hawakuyagusa.

Upande wa wenye hasira nao una lake. Kudai msimu mzima utungwe upya, kana kwamba mamia ya watu waliokesha kwenye tope la Ireland ya Kaskazini walikuwa wakitimiza agizo la duka, ni kudai haki ambayo mtazamaji hana. Sophie Turner, aliyeigiza Sansa, aliliita ombi hilo utovu wa heshima kwa wafanyakazi hao, na alikuwa sahihi. Lakini hata hapa picha si ile inayochorwa kila siku ya umati wenye chuki. Wiki chache baada ya mwisho, kundi mojawapo la mashabiki waliokuwa wakali kuliko wote lilichangisha makumi ya maelfu ya pauni kwa shirika la Emilia Clarke la kuwasaidia waliopata majeraha ya ubongo, kama shukrani kwake kwa kazi aliyoifanya katika msimu waliouchukia. Walijua kutenganisha mwigizaji na mwandiko. Wachambuzi wengi hawakuwafanyia wao hisani hiyo ya kutenganisha hoja yao na makelele yake.

Ukiyaweka haya pamoja, mapokezi ya A Knight of the Seven Kingdoms yanasomeka kwa namna nyingine kabisa. Hadithi inayoifuata, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1998, ni ndogo kwa makusudi. Dunk, yule askari wa farasi, anampiga mjukuu wa mfalme kwa kuwa amemvunja kidole binti anayecheza vikaragosi. Kwa kosa hilo anadaiwa hukumu kwa silaha, saba dhidi ya saba. Mrithi wa kiti cha enzi, Baelor, anajitokeza kupigana upande wa Dunk kwa sababu anaamini Dunk alitenda haki, na anakufa kutokana na pigo la rungu la ndugu yake mwenyewe. Hakuna joka, hakuna jeshi la wafu, wala hakuna mji unaoungua, na bado mwendo wa ufalme unageuka kwa sababu ya kidole cha binti mmoja. Kila kiungo cha mnyororo kinaonekana. Waliorudi hawakurudi kwa kuwa wamesahau. Wamerudi kwa kuwa wamekikuta kile walichodai mwaka 2019, na mapokezi yao mema leo ni hoja ileile ya jana ikisemwa kwa furaha.

Kipimo kigumu zaidi kiko mbele, kwenye msimu wa tatu wa House of the Dragon, tamthilia nyingine iliyotokana na maandiko ya Martin, uliopangwa kuonyeshwa mwaka huu wa 2026. Septemba 2024 Martin aliandika kwenye blogu yake malalamiko kuhusu tamthilia hiyo, kisha maandishi hayo yakaondolewa siku hiyohiyo. Wengi waliyachukua kama ugomvi wa mtunzi anayelinda kitabu chake, wakayacheka, wakaendelea. Ukiyasoma kwa makini, hoja yake ilikuwa moja na ilikuwa ya kifundi. Waandaaji walimwondoa Maelor, mtoto mdogo wa Malkia Helaena, kwa kuwa ni vigumu kufanya kazi na mtoto mdogo sana na ni gharama. Lakini katika kitabu, kifo cha kikatili cha Maelor ndicho kinachomvunja mama yake hadi akajiua, na kifo cha mama, aliyependwa na wakazi, ndicho kinachochochea ghasia za mji mkuu. Martin alieleza kwamba katika mpango aliouona, Helaena bado anajiua, isipokuwa sasa hakuna jambo jipya linalomsukuma. Hakulalamika kwamba mwisho wa Helaena umebadilishwa. Alilalamika kwamba umebaki uleule na sababu yake imeng'olewa, na hicho ndicho mamilioni ya watazamaji walichokuwa wakijaribu kukisema miaka mitano kabla yake bila kusikilizwa. Waandaaji bado wana nafasi ya kumtafutia Helaena sababu nyingine, na si lazima iwe ile ya kitabuni. Wasipoifanya kazi hiyo, nusu ya watazamaji watalia kwa uzuri wa uigizaji, nusu nyingine watauliza imekuwaje, na tutaambiwa tena kwamba mashabiki hawajui wanachotaka.